Chiriku na Jirani Yake wa Njano

Mpunga unapoanza kutoa masuke katika bonde la Rufiji, watu hukaa madunguni tangu alfajiri hata jua lichwe. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, na aketiye humo huona shamba lote mpaka mpakani. Mmoja ana teo mkononi, mwingine ana debe la kugonga, mwingine avuta kamba ndefu iliyofungwa makopo matupu. Kazi yao ni kuamia ndege. Ni kazi ya kuchosha kuliko kulima, maana mwenye kulima hupumzika jua likiwa kali, bali ndege hawapumziki. Na mtoto aliye dunguni hayuko shuleni. Katika kazi ya namna hii hapana nafasi ya kuuliza, Aliyetua pale ni nani? Kila ndege mdogo huhesabiwa kuwa mwizi, na aliye wa njano huhesabiwa mwizi mkubwa.

Mwezi huu twapenda kumtoa mmoja katika hesabu hiyo. Naye ni chiriku. Hatumtoi kwa ajili ya uzuri wake, ijapokuwa ni mzuri, wala kwa ajili ya sauti yake, ijapokuwa sauti hiyo imemfikisha ng'ambo ya bahari. Twamtoa kwa sababu sehemu kubwa ya mashtaka yake ni ya mwingine. Yuko jirani yake wa njano, mkubwa kuliko yeye, alaye mpunga kweli. Na mtu asiyeweza kuwapambanua hupiga mawe upande mmoja wa shamba, na huku mpunga waliwa upande wa pili.

Kwanza tuseme juu ya jina. Watu hutumia neno chiriku kwa ndege wadogo kadha wa kadha wenye mdomo mfupi, walao mbegu na kupiga kelele nyingi. Hata mtu asiyeweza kunyamaza naye huitwa chiriku. Katika mafundisho haya twamsema mmoja tu, yaani yule wa njano aliyeenea kuliko wenziwe, ambaye wataalamu humwita Crithagra mozambica. Neno la pili katika jina hilo latokana na Msumbiji, na aliyelitia ni mtaalamu Mjerumani, Philipp Ludwig Statius Müller, mwaka 1776. Lakini makao ya ndege huyu si Msumbiji peke yake. Ameenea tangu Senegali upande wa magharibi, akapita kusini ya jangwa kubwa hata pande zetu za mashariki, kisha akashuka mpaka Afrika ya Kusini. Jangwa lenyewe halipendi, wala msitu mnene haupendi. Apenda nchi yenye miti iliyoachana na nyasi katikati, na hasa nchi iliyolimwa na watu.

Nchi ya namna hiyo ndiyo Dimani na vijiji jirani katika wilaya ya Kibiti. Mikorosho imesimama kwa nafasi, miembe kando ya nyumba, minazi hapa na pale, na chini yake nyasi zilizoota tangu palizi ya mwisho. Mtu atokaye Dimani kwenda chini mtoni huiona nchi ikigeuka: kwanza mashamba ya mlimani, kisha bonde la mpunga, na mwisho, karibu na bahari, mikoko. Chiriku hatumtafuti katika mikoko. Chakula chake ni mbegu za nyasi na magugu, na maji yake ya kunywa ni matamu, maana ndege alaye mbegu kavu hawezi kukaa siku nyingi bila kunywa. Twamtafuta juu, penye mikorosho, na kando ya njia, na kwenye mipaka ya mashamba ambako jembe halikufika.

Tena yafaa kukumbuka ya kuwa hali hii ya kuwa na makao juu na mpunga chini haikuwa hivyo tangu zamani. Watu wengi wa Rufiji walikaa bondeni penyewe, karibu na mashamba yao. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968 serikali iliwahamishia katika vijiji vya mlimani, na kazi hiyo ikaitwa Operesheni Rufiji. Tangu hapo wengi wenye mpunga wana makao mawili: nyumba kijijini, na dungu bondeni kwa miezi ya ulinzi. Ndiyo sababu mtoto aliyemzoea chiriku juu ya mwembe wa nyumbani, amwonapo bondeni mbele ya masuke, hudhani amekuwa ndege mwingine. Mara nyingi aliyemwona bondeni ni ndege mwingine kweli.

Basi tumtazame vizuri. Chiriku ni mdogo sana. Tangu ncha ya mdomo hata ncha ya mkia hapati sentimita 13, na uzito wake ni gramu 12 hivi, nao ni kama kijiko kimoja kikubwa cha mchele. Kifua na tumbo la dume ni njano safi. Mgongo ni rangi ya majani yenye michirizi ya giza. Utosi na kisogo vina rangi ya kijivu. Lakini alama ya kumjulia iko usoni. Paji la uso ni njano, na njano hiyo yaendelea juu ya jicho kama unyusi. Chini yake wapita mstari mweusi katika jicho. Kisha, tangu pembe ya mdomo, washuka mstari mwingine mweusi kama sharubu. Ukiisha kuziona sharubu hizo mara moja hutamsahau. Arukapo akupe mgongo, tazama juu ya mkia: kiuno ni njano ing'aayo, na mkia ni wa giza wenye ncha nyeupe, tena umekatwa kidogo katikati kama jani la mbono.

Jike ni kama dume, ila rangi zake zimepoa. Makinda waliotoka chunguni karibuni wamepauka zaidi, na vifuani mwao mna madoa madogo ya giza. Hao huwapoteza hata watu wazoefu.

Sasa tumtazame jirani yake, mnana. Minana ni wa namna nyingi, na wengine wana vichwa vyeusi. Hao hawawezi kumdanganya mtu. Yuko mmoja wa pwani aliye njano mwili mzima, naye ndiye achanganywaye na chiriku. Je, tutawapambanuaje? Wa kwanza kutazamwa ni mdomo. Mdomo wa mnana ni mrefu, mnene, umechongoka kama sindano ya kushonea magunia. Wa chiriku ni mfupi, mpana kwenye mizizi, kama pia iliyolazwa. Uso wa mnana huyo hauna unyusi wala sharubu. Mwili wake ni mara mbili kwa uzito na zaidi. Na ukitaka neno lisilo na shaka, fuata arukako jioni. Mnana hukaa katika mji. Makumi ya vyungu vyao huning'inia juu ya mnazi mmoja au matete yaliyo juu ya maji, navyo vimesukwa kwa ustadi, na makuti ya mnazi huo yamechanwachanwa mpaka yabaki mifupa mitupu. Kelele zao zasikika mbali. Chiriku hana mji. Chungu chake ni kimoja katika mti, kimefichwa, hata waweza kupita chini yake mwaka mzima usijue.

Mnana hula mpunga. Jambo hili hatulifichi, na mwenye shamba ana haki ya kumfukuza. Mdomo wake una nguvu, na mguu wake washika suke bila kuteleza. Na chiriku je? Mdomo wake mfupi umeumbwa kwa kazi nyingine. Ndani yake, kaakaani, mna mfereji upande wa kuume na wa kushoto. Ndege huiweka mbegu ndogo katika mfereji huo, huikata ganda kwa makali ya mdomo wa chini, na huku ulimi waizungusha mbegu mpaka ganda lidondoke. Kisha humeza kiini. Hayo yote hufanywa kwa kufumba na kufumbua. Ukimwona akila kwa karibu utaona kumvi zikimwagika pembeni mwa mdomo kama unga chini ya jiwe la kusagia. Kwa mbegu za nyasi chombo hiki ni kamili. Chiriku hupanda juu ya shina la nyasi, shina huinama kwa uzito wake, naye hula hali amening'inia. Au huokota chini zilizodondoka. Zaidi ya hayo hula machipukizi ya maua, hunywa utamu katika maua ya mshubiri, na kumbikumbi wanapotoka baada ya mvua naye hushiriki karamu. Vidukari pia huwala.

Hatusemi ya kuwa hagusi nafaka kamwe. Mtama na uwele ni mbegu za nyasi kama nyingine, na shamba lililo karibu na kichaka litadonolewa. Atakayesema kwamba chiriku hana hatia hata ya punje moja amesema kuliko ajuavyo. Lakini hukumu ya haki hutazama kiasi. Tufanye hesabu. Mwizi mkuu wa nafaka katika Afrika ni kwelea, ndege wa rangi ya udongo mwenye mdomo mwekundu, ambaye katika majira ya kuzaa dume wake hujipaka uso kama mcheza ngoma. Na hapa kwetu pwani yuko ndugu yake mwenye kichwa chekundu. Kwelea mmoja hula gramu 10 hivi za nafaka kwa siku. Hilo peke yake si kitu. Lakini kwelea huja kwa maelfu ya maelfu, nao wakiwa milioni moja, hula tani 10 kwa siku moja. Chiriku aliye mdogo kuliko kwelea huonekana katika makundi ya kumi, ishirini, mara nyingine hamsini. Haya, tujalie kwamba chiriku ishirini wamekuja, tujalie tena kwamba kila mmoja amekula sawasawa na kwelea, wala hawakula ila mpunga tu. Watakuwa wamekula gramu 200. Ni vibaba vingapi hivyo? Hata kibaba kimoja hakipatikani. Na kwa kweli hawali hivyo, maana wengi wao wakati huo wako mpakani katika magugu.

Huenda msomaji akatuambia, Ninyi mwafanya hesabu kwenye karatasi, sisi tumeona njaa. Ni neno la kweli. Watu wa Rufiji na Kibiti walioona mashamba yao yakifunikwa na maji mwezi wa Aprili mwaka 2024 hawana mpunga wa kumgawia ndege yeyote. Lakini kwa sababu hiyo hiyo twasema, mwenye mawe machache ayatupe penye mwizi. Aliye dunguni akimjua mnana kwa mdomo wake na kwelea kwa wingi wake, hataruka kila mara chiriku wawili wakitua juu ya nyasi za mpakani. Atakuwa na nguvu jioni, saa ile kundi la kweli linapokuja.

Liko jambo zito kuliko mawe, nalo ni sumu. Kwelea wakizidi, serikali hutuma eropleni kunyunyiza dawa mahali walalapo, na dawa iliyotumika kwa miaka mingi ni ile iitwayo fenthioni. Dawa hiyo haichagui. Ndege wengine waliolala katika matete hayo hayo hufa pamoja na kwelea. Mwewe na bundi wakiwala waliokufa, nao hudhurika. Na watu wakiwaokota kuwa kitoweo hujitia hatarini. Hata hivyo kazi ya serikali hufanywa na watu waliofundishwa, tena huwapa wananchi onyo. Kibaya zaidi ni mtu mmoja mmoja anunuaye dawa ya wadudu dukani, akaichanganya na punje, akazimwaga mpakani ili ndege wafe. Huko Bunyala, magharibi ya Kenya, penye mashamba ya mpunga, dawa iitwayo furadani ilitumiwa kuulia ndege, nao waliokufa wakauzwa kuliwa. Mtu afanyaye hivyo amewatengea jirani zake sumu mezani. Na tena angalieni ni nani atakayekufa kwanza: si mnana, alaye juu ya suke, bali ndege waokotao chini mpakani, ndio chiriku, na tetere, na kuku wa mwenye shamba mwenyewe.

Juu ya uzazi wake tutasema kwa ufupi. Chiriku huzaa wakati mbegu za nyasi zilipo nyingi, yaani mvua zinyeshapo na baada yake. Jike ndiye ajengaye, katika panda ya mti au kichaka chenye majani, na chungu chake ni kama kikombe kidogo cha nyasi na mizizi myembamba, kimefungwa kwa nyuzi za buibui. Mayai ni matatu au manne. Jike huyaatamia peke yake muda wa siku 13 au 14, naye dume humletea chakula. Makinda wakitoka, wote wawili huwalisha. Hawaleti mbegu moja moja mdomoni. Hujaza gole, hurudi na kuwatemea makinda chakula kilicholainika. Majuma matatu hivi yakipita, makinda huondoka chunguni, lakini siku nyingi bado huwafuata wazazi wakitikisa mabawa na kulia kuomba.

Tulisema sauti yake imemfikisha ng'ambo. Dume hukaa juu kabisa ya mti, juu ya tawi kavu la mkorosho kwa mfano, akaimba vipande vifupi vitamu, akavirudia, akavipindua, na mwenziwe juu ya mti wa pili akamjibu. Kwa ajili ya wimbo huu watu walianza zamani kumfunga katika tundu. Ndugu yake wa Visiwa vya Canary, katika bahari ya magharibi, alipelekwa Ulaya na Wahispania miaka mia tano na zaidi iliyopita, akazalishwa huko mpaka akawa ndege wa nyumbani kama kuku. Huyo ndiye aliyechukuliwa chini ya ardhi na wachimba makaa ya mawe wa Uingereza. Katika mashimo yale hutokea hewa yenye sumu isiyo na harufu, nayo humwangusha ndege mdogo kabla haijamwangusha mtu. Ndege akilegea, watu hukimbia. Kazi hiyo ilidumu hata mwaka 1986, ndipo vyombo vya kupimia hewa vikachukua mahali pake. Haya twayaandika kama kando ya njia tu, lakini yafaa watoto wajue ya kwamba ukoo wa ndege huyu umeokoa watu.

Chiriku wetu hakuzalishwa hivyo, alikamatwa. Mitini watu walipaka ulimbo, penye maji walitega nyavu, na makumi kwa mamia wakasafirishwa. Wengine waliachwa au walitoroka, nao wakazaana: hata leo wako Mauritius na Réunion, wako Puerto Rico, na katika visiwa vya Hawaii walifika miaka ya 1960. Wachache katika wasomaji wetu watakaofika huko, lakini atakayefika atasikia juu ya mti wa ugenini sauti ya Dimani. Biashara ya ndege hai ilipoenea, Senegali na Tanzania zilikuwa miongoni mwa nchi zilizotoa wengi, na chiriku alikuwa mmoja wa walionunuliwa sana. Wengi walikufa njiani, maana ndege wa gramu 12 hana akiba mwilini. Akikosa chakula na maji siku moja amekwisha. Mwaka 2005, kwa kuogopa homa ya mafua ya ndege, nchi za Umoja wa Ulaya zilizuia ndege wa porini kuingizwa, na mwaka 2007 katazo hilo likawa la kudumu. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania nayo ilisimamisha kupeleka wanyama hai wa porini nchi za nje. Na mtu asidhani kwamba kumkamata kwa ajili ya tundu la nyumbani ni mchezo usiohusiana na sheria. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, hairuhusu kukamata wanyama wa porini bila kibali, na ndege nao wamo.

Hatuandiki haya kwa kuwa chiriku yu karibu kwisha. La, wako wengi, wala hawahesabiwi miongoni mwa ndege walio katika hatari ya kupotea duniani. Mambo mengi juu ya ndege huandikwa wakati wamebaki wachache, ndipo watu huuliza alikuwa na rangi gani. Huyu yuko mlangoni. Mwalimu awezaye kuongoza watoto kumi mpaka chini ya mkorosho ana kitabu kizima mbele yake, bila kutoa senti.

Nao walimu tungewashauri hivi. Msiwaambie watoto kwanza, Huyu ni chiriku. Waulizeni mdomo wake ukoje, warefu au wafupi wanakujaje, usoni mna mistari mingapi, mkia una nini nchani, alikuwa juu ya suke au juu ya nyasi. Akiisha kujibu, mtoto atalitaja jina mwenyewe, na hatalisahau. Saa njema ni asubuhi, umande ukiwa haujakauka, au jioni kuanzia saa kumi na moja. Adhuhuri ndege hujificha majanini na watoto huchoka bure. Wasiende kundi kubwa, wala wasivae nguo nyeupe, wala teo zisiende nao. Watoto waliokwisha kuamia mpunga watawashinda walimu wao kwa upesi wa macho. Tumeona hivyo, nasi tulipendezwa. Mtoto mmoja aliyejua kwelea, minana, na kweche wekundu kwa mrindimo wa mabawa yao tu, alikuwa hajaambiwa na mtu ya kuwa ujuzi wake ni elimu.

Wakati mwema kuliko wote ni ule wa baada ya mavuno, mwezi wa Julai na wa Agosti. Madungu yamebaki matupu, mabua yamelala, na nyasi za mipakani zimekauka zikiwa na mbegu. Hapo chiriku hushuka katika makundi yao madogo, wazazi pamoja na makinda wenye madoa kifuani, na mara huingia hata katikati ya shamba lenyewe. Wakiruka, kiuno cha njano chaonekana wazi juu ya mabua, wakitua, hupotea. Wengine huokota magugu, wengine huokota punje zilizopukutika wakati wa kukata. Punje hizo mwenye shamba amekwisha kuziacha.